Boti Isiyo na Mikono

Gare, Lushoto
9 Februari 2025

Mwanangu Jesca,

Pokea salamu zetu za baridi. Tangu Jumatatu tumo ndani ya ukungu. Mama yako anasema kengele ya misheni inalia kama kawaida. Mimi naona tu watu wakipita na vitabu vya nyimbo ndipo najua ni saa ya misa. Goti lake linamsumbua kwenye mteremko, lakini nani atamzuia asishuke bondeni kwenye karoti zake? Esteria wa jirani amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima.

Tumeambiwa simu zenu zimekusanywa mpaka majaribio yaishe. Kwangu hilo si hasara. Masikio yangu niliyaacha kwenye mashine za kiwanda cha chai, na simu kwangu ni kipande cha plastiki. Anayeteseka ni mama yako, aliyezoea sauti yako kila Jumapili. Kwa hiyo turudi kwenye kalamu, kama nilivyokuwa nikiwaandikia wazazi wangu Rungwe nilipokuja huku kijana kufuata kazi ya chai.

Ernest amefika salama? Aliondoka na furushi la nguo na kofia yake ya kuchomelea, utadhani huko hawana kofia. Juzi tu alikuwa akichomelea mageti na grili za madirisha ya watu, leo anachomelea manowari. Nikienda sokoni Malindi watu wananishika bega: nchi inaunda manowari yake yenyewe, na watoto wako wote wawili wamo! Nakuwa mrefu kidogo siku hizo.

Mama yako ana swali. Amesikia redioni kwamba siku hizi majeshi yana boti zinazokwenda baharini bila mtu ndani. Anauliza, nani anaziangalia zisipotee? Na kazi yako wewe ni ipi hasa? Ulituambia umeme, kisha ukatuambia kompyuta.

Baba yako,
Lusajo


Kambini
16 Machi 2025

Baba, shikamoo. Na wewe Mama, shikamoo. Najua Baba anakusomea kwa sauti ya kiwandani na majirani wote wanasikia, kwa hiyo nawasalimu na wao kwa Kishambaa. Onga maundo.

Mimi ni mzima. Ernest ni mzima na ananenepa. Mwanzoni alimkimbia samaki wa huku, sasa anamaliza mpaka kichwa. Tunaonana Jumapili, tunakaa nje ya bweni lake tunawasengenya nyinyi.

Manowari bado iko nchi kavu, imeegemezwa kwenye vikingi vya chuma, na mtu akipita chini yake anajiona sisimizi. Kila bamba limekatwa hapa hapa na kukunjwa hapa hapa. Wakubwa zetu kazini wanasimulia enzi za meli za kununua nje: ikiharibika unasubiri spea kutoka ng'ambo, na kutu inafika kwanza. Hii tukiivunja tutaiunga wenyewe.

Mama, boti hizo zipo kweli, na moja naiendesha mimi. Siruhusiwi kuandika mengi. Nakaa kwenye chumba chenye skrini, usukani mdogo uko mikononi mwangu, boti iko mbali baharini, na macho yake ndiyo macho yangu. Haipotei. Ndani hamna mtu kabisa, na faida yake ndiyo hiyo. Ikipigwa au ikizama, hakuna mama atakayelia.

Ernest hunitania, "Dada, wewe ni nahodha ambaye hajawahi kulowa." Boti ikiwa karakanani kwa matengenezo, husimama mbele ya kamera na kuzungumza nayo. Anajua niko upande wa pili, na anajua boti haina masikio. Nadhani huwa ananitukana, kwa adabu zote, nami nacheka peke yangu.

Mwezi wa tano manowari itashushwa majini kwa majaribio. Mafundi wachache watapanda nayo kukagua mishono ya chuma itakapoanza kupigwa na mawimbi. Ernest ameomba awemo, amekubaliwa. Mama usiwe na wasiwasi, watavaa majaketi ya kuokolea.

Mtoto wenu,
Jesca


Kambini
3 Juni 2025

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Maofisa wameshafika hapo nyumbani, kwa hiyo sina habari ambayo hamjaisikia. Bahari ilichafuka wakati wa majaribio. Ernest alikuwa sitaha ya nyuma na wenzake, wimbi likapanda, likamchukua. Walimwona akielea na jaketi lake kifuani. Manowari ilikuwa kwenye kasi, na chombo kikubwa vile hakisimami palepale. Boti isiyo na mtu ndiyo iliyokuwa karibu, ikatumwa. Ilirudi na jaketi. Ernest hakupatikana.

Sitakuja msibani. Bado anatafutwa, na nimeomba nibaki kwenye usukani. Naomba Mama asinihukumu.

Simu wameturudishia. Msinipigie kwanza.

Jesca


Gare
29 Juni 2025

Mwanangu Jesca,

Hatukukupigia. Mama yako alikaa na simu mapajani siku nyingi, anaiangalia kama kitu kilicholala, lakini hakukupigia kwa kuwa ulisema.

Watu walikuja. Walitoka Rangwi, walitoka Malindi, ndugu zangu wakaja kutoka Rungwe safari yote ile, wakatetemeka na baridi ya hapa kama vile kwao ni jangwani. Padre alisoma misa. Waliokuwa kiwandani pamoja na mimi, Waislamu na Wakristo, walileta mchele na kuni. Hatukupungukiwa na watu.

Tulichopungukiwa ni mtu wa kuzika. Mjomba wenu Anselm, akiwa ndiye mkubwa kwa upande wa mama yako, alisimama akasema tuzike nguo za Ernest ili msiba uwe na mwisho. Watu wakakubali. Mama yako akauliza, "Tukizika nguo, akirudi atavaa nini?"

Anselm akamwambia, "Dada, jaketi limerudi."

"Limepasuka?"

"Maofisa walisema ni zima."

"Lilimtoka mwilini lenyewe?"

Anselm akatikisa kichwa.

"Basi alilivua," mama yako akasema. "Na mtu havui koti mpaka afike mahali."

Nguo hazikuzikwa. Tangu siku hiyo mikeka iko chini, tanga halijaanuliwa, na majirani wanapita mlangoni bila kujua wasalimie salamu ya msiba au ya kawaida. Mama yako anapalilia tuta la viazi la Ernest. Kitanda chake anakitandika.

Sasa nakuuliza. Boti ile, siku ile, uliiendesha wewe? Iliona nini? Jaketi lilivuliwaje? Kama huwezi kumjibu mama yako, nijibu mimi.

Baba yako,
Lusajo


Kambini
10 Agosti 2025

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Natumaini baridi imeanza kupungua. Nimempa Rama, kondakta wa basi la Lushoto, mfuko wenu: dawa ya kuchua goti la Mama, sweta la Baba, na kitenge. Mwulizeni, ni mwaminifu. Viazi vimetoka vizuri? Mtoto wa Esteria ameanza kukaa?

Huku ni joto na kazi nyingi. Wameanza kuunga mabamba ya manowari ya pili. Boti zisizo na watu zinaongezeka, na mimi nimepewa vijana wapya niwafundishe kuziendesha. Wanajifunza haraka.

Utafutaji ulikwisha. Kuhusu ulichoniuliza, Baba, mambo ya majaribio ni siri ya jeshi. Naomba unielewe.

Anueni tanga. Tafadhali, Baba, mwambie Mama aanue tanga.

Jesca


Gare
21 Septemba 2025

Jesca,

Sweta limenienea. Viazi vilitoka. Mtoto wa Esteria anakaa. Umeuliza habari za kila kitu, nami nimekujibu kila kitu.

Siku Rama alipoleta mfuko wako, mama yako alimwita pembeni. Sikusikia walichopanga. Wiki iliyofuata niliamka nikakuta ameondoka na picha ya kipaimara ya Ernest. Rama alimshusha Tanga, akampa hifadhi kwa shangazi yake Yusra, na kila asubuhi mama yako alitoka akaenda kwenye masoko ya samaki. Mwanamke wa Gare, ambaye bahari alikuwa hajaiona kwa macho yake, na goti lile. Anawaonyesha wavuvi picha: mmemwona huyu? Walikuwa watu wema. Walimpa kiti, walimpa maji ya kunywa. Mzee mmoja akamwambia jambo ambalo hataki kunisimulia.

Yusra alimrudisha mwenyewe kwa basi, akiwa na homa kali. Bado yuko kitandani. Jana alikaa akaniambia akipona atakwenda Pemba, kisha Mafia, maana visiwani watu hufika bila habari zao kufika.

Nimeishi na mashine tangu ujana. Mashine haina siri, mwanangu. Siri ni ya mtu. Sitaki kujua boti yenu ina kasi gani wala inaona umbali gani. Nataka kujua mtoto wangu alivuaje jaketi. Usiponiambia, huyu mama atakwenda kisiwa baada ya kisiwa mpaka afie njiani, nami sina nguvu ya kumshika wala sina neno la kumwambia akae.

Lusajo


Kambini
5 Oktoba 2025

Baba, shikamoo.

Barua hii ameileta mkononi Yohane, aliyekuwa akichomelea pamoja na Ernest. Anakwenda kwao Soni likizo. Haikupita getini kukaguliwa. Ikijulikana nitafukuzwa au nitafungwa, lakini nimechoka kuogopa hilo.

Ndiyo. Niliiendesha mimi.

Tuliambiwa mtu ameanguka. Hatukuambiwa nani. Nikaipeleka boti kwa kasi yake yote, na kabla manowari haijamaliza kugeuka mimi nilikuwa nimeshafika. Ulikuwa mchana, jua linawaka, ila mawimbi yalikuwa yanapanda na kushuka kama vilima vya huko kwetu. Nikaliona jaketi la rangi ya chungwa. Nikasogea. Akageuza uso, nikaona ni Ernest.

Alikuwa mzima, Baba. Akaiona kamera, na alijua niko nyuma yake, kwa sababu asubuhi ile nilimwambia zamu ni yangu. Akacheka. Nakuapia alicheka, kama mtu aliyekuja kupokewa na ndugu yake stendi. Chumba kizima tukapiga makofi.

Nikaisogeza boti mpaka ubavuni kwake. Akanyoosha mikono ashike. Hapakuwa na pa kushika. Boti ile ni laini kote, haina reli, haina ngazi, haina kamba, kwa kuwa haikuundwa kubeba mtu. Akaikumbatia, akateleza. Akajaribu tena, akateleza. Nikizima injini, wimbi linaisukuma mbali naye. Nikiwasha, naogopa mashine ya nyuma isimkate. Nikawa nazima na kuwasha, nazunguka na kurudi. Nimekaa kwenye kiti kikavu, feni inanipepea.

Kila nikimrudia alikuwa anasema kitu. Anaitazama kamera na kusema. Nadhani lilikuwa jambo moja, maana mdomo ulifanya vile vile kila mara. Sikuwa na njia ya kumjibu. Nikawa nawasha taa ya mbele na kuizima, nawasha na kuizima, ajue nipo.

Kule kwenye manowari walijaribu kushusha boti yenye watu. Mawimbi yaliibamiza ubavuni ikiwa bado inaning'inia, mabaharia wawili wakaumia. Manowari yenyewe ilikuwa inakuja, lakini polepole, isije ikampanda. Walifanya walichoweza. Nataka ujue hivyo, maana nilitafuta mtu wa kumlaumu nikamkosa.

Mikono yake ikaanza kuchoka. Ndipo akavua jaketi.

Juu ya boti kuna mlingoti mfupi wa antena. Alifikiri kama fundi, na alifikiri sawasawa: akirusha jaketi ukanda wake unase pale, atajivuta mpaka juu. Nikapiga kelele, "Usivue! Ernest, usivue!" Naipigia kelele skrini. Kapteni Ismaili, mkuu wangu, alikuwa nyuma yangu, naye akapiga kelele hizo hizo. Akalirusha, likakosa. Akalirusha tena, likanasa. Akajivuta. Kifua chake kilipanda juu ya boti, Baba. Niliona vidole vyake karibu na kamera, niliona kucha zenye weusi wa kazi. Kisha wimbi likatupiga ubavuni. Boti ilipotulia, jaketi lilikuwa linaning'inia na yeye hayupo.

Nilizunguka pale mpaka mafuta yakaisha ikabidi boti ivutwe.

Mwambie Mama asiende Pemba. Mwambie Ernest hakuvua kwa sababu amefika mahali. Alivua ili afike kwangu.

Niliwakataza kunipigia kwa kuwa Mama akisikia sauti yangu atajua. Sikuja msibani kwa sababu hiyo hiyo. Usipoweza kumsomea, sitakulaumu. Mimi mwenyewe sijaweza kuirudia.

Jesca


Gare
2 Novemba 2025

Mwanangu mpenzi Jesca,

Barua yako ilifika. Niliisoma kwenye mikaratusi nyuma ya nyumba, nikairudisha mfukoni, nikakaa nayo. Nilivuna nayo mahindi. Nilikwenda nayo misani. Mara mbili niliketi karibu na mama yako nikaitoa, nikaona namna anavyonitazama, nikasema ni risiti ya mbolea.

Aliyeniondolea mzigo ni yeye. Alianza kutembea, akafungasha kanga mbili na chupa ya chai, akasema Rama anapita kesho. Basi nikamwambia keti, Mama Jesca, nikamsomea. Sikusoma kwa sauti ya kiwandani. Sijui nilisoma kwa sauti gani, mimi sijisikii, lakini Esteria aliyekuwa uani alimbeba mtoto akaondoka.

Nilipofika pale pa jaketi alinizuia kwa mkono. "Rudia." Nikarudia. "Rudia." Nikarudia. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa na dada yake." Ndipo akalia. Miezi yote ile hakuwa amelia, mwanangu. Alilia kwa Kishambaa, maneno ya bibi zake ambayo mimi mtu wa kuja siyajui yote.

Siku iliyofuata alikunja mikeka mwenyewe. Tukamwita Anselm, tukazika nguo za Ernest chini ya mgomba wa juu, na padre akaja. Tanga limeanuliwa. Barua nimeichoma kwa usalama wako, na hii nayo nampa Yohane aje nayo mkononi.

Hakukulaumu. Wala mimi sikulaumu. Najua hilo halikusaidii, lakini nimeliandika ulione kwa mwandiko wangu.

Sasa kuna jambo moja. Tangu masikio yangu yafe nasoma midomo. Kiwandani sote tulizungumza hivyo, mashine zikinguruma huwezi kumsikia mwenzako hata akikupumulia shingoni. Midomo ya Ernest nimeisoma tangu alipoanza kusema. Umeandika kwamba alikuwa akisema jambo moja, mara kwa mara, uso umeelekea kamera. Picha zile zipo? Mniruhusu niangalie. Nitakuja popote, nitaweka sahihi yoyote, sitamsimulia mtu chochote cha boti. Nitazame mdomo wake tu. Sina ombi lingine kwa jeshi.

Baba yako,
Lusajo


Kambini
30 Novemba 2025

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo. Nimefurahi kusikia unatembea, Mama. Tumia ile dawa ya goti usiku, usiiwekee akiba.

Baba, nilikwenda kwa Kapteni Ismaili nikamweleza, hata habari ya barua niliyoituma kwa mkono. Nilijua anaweza kuniadhibu. Alinisikiliza akiwa amesimama. Hakuniuliza barua ilikwendaje. Aliniambia, "Mzee anasoma midomo kweli?" Nikamwambia kweli. Akaandika ombi kwa wakubwa wake, yeye mwenyewe.

Jibu limerudi. Picha zimeambatanishwa na ripoti ya majaribio, na wanaoruhusiwa kuzitazama ni wachache na wanajulikana. Hata mimi niliyezipiga simo. Kapteni akaomba tena. Likarudi lile lile. Aliniita akaniambia, "Koplo, mimi pia nina watoto," kisha akageuka akatazama dirishani mpaka nikaona niondoke.

Niliuliza na jambo lingine: boti zinazofuata ziwekewe hata kamba ubavuni, mtu aweze kushika. Mainjinia hawakunidharau. Walinieleza kwamba anapopandia wetu ndipo adui naye atapandia, na kila kinachochomoza juu huifanya boti ionekane kwa urahisi. Wamesema watalitazama kwenye toleo lingine. Hizi za sasa zimeshakamilika. Zimepangwa kwenye gati, zinang'aa, laini kabisa.

Tarehe 13 Desemba manowari itakabidhiwa rasmi. Familia za mafundi zimealikwa, na jina lako liko kwenye kadi. Njoo. Nitakuwa kwenye gwaride lakini nitatafuta nafasi. Nimekuwa nikikaa mbele ya kioo, najaribu kuufanya mdomo wangu kama wake. Nadhani naukumbuka. Nitakuonyesha.

Jesca


Gare
21 Desemba 2025

Mwanangu Jesca,

Nimefika salama. Baridi ya Soni ilinipokea na mvua, na maplamsi yameanza kuiva. Mama yako hakujuta kubaki. Alisema hana la kuiambia meli.

Tulionana, lakini hatukuzungumza, kwa hiyo nakuandikia tuliyoyakosa.

Walinikalisha mbele, chini ya turubai, kiti chenye kitambaa cheupe. Hotuba sikuzisikia, nilizisoma mdomoni. Yule mkubwa alisema boti hizi zitalinda maisha ya vijana wetu. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, kwa sababu nadhani ni kweli. Sijui nifanye nini na ukweli huo.

Baadaye askari mmoja kijana aliniongoza nikaiguse manowari. Ni kitu kikubwa, mwanangu, kizuri, na nilisikia fahari ikinipanda nikashindwa kuizuia. Nilipapasa chuma nikitafuta mshono ulio wa Ernest. Wameisugua, wameipaka rangi ya kijivu, huwezi kujua bamba moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Yohane alikuwa karibu, nikamwuliza. Akapapasa na yeye. Akasema, "Mzee, hata wa kwangu siuoni."

Kisha ukaja. Bendi ilikuwa inapiga, niliona mashavu ya wapiga tarumbeta. Ulisimama mbele yangu na sare yako nyeupe, ukavua kofia, ukanionyesha mdomo wa mdogo wako. Ulionyesha mara ya kwanza, ukaonyesha ya pili. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Ukanikumbatia, ukalia begani kwangu, ukarudi kwenye mstari.

Jesca, sikusoma kitu. Mdomo wako ulikuwa unatetemeka. Ungeweza kuwa jina lako. Ungeweza kuwa "nivute," au "mama," au "basi." Nilikuitikia kwa sababu nilikuona unangoja, na sikuwa na kitu kingine cha kukupa mbele ya watu wale. Usiku kucha ndani ya basi nilijaribu kuyapanga maneno yote niliyowahi kumwona Ernest akiyasema tangu utotoni, nione lipi litaingia kwenye mdomo ule. Yanaingia mengi. Hakuna linalokataa.

Usiombe tena picha. Wala usijionyeshe tena kwenye kioo.

Nilipofika mama yako alikuwa jikoni anakoroga uji. Akanigeukia ili nimwone mdomo, akauliza, "Alisema nini?" Nikamwambia sijui. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri tangu basi lilipopita Mombo, lakini haukutoka. Akatikisa kichwa taratibu, akaendelea kukoroga. Nikadhani yameisha. Kisha akageuka tena.

"Na Jesca," akasema, "anakula?"

Nilisimama pale na begi langu mkononi. Nilikuwa nimekutazama mdomo muda wote ule na sikukuuliza.

Unakula, mwanangu?

Baba yako,
Lusajo